Onyesho la matarumbeta la kuchangia magodoro: buku tano yangu ilienda kihalali, ila yule emsii…

Wadau, mnaoniuliza kama lile onyesho la Jumamosi hapa Dodoma lilikuwa la maana au tuliliwa buku tano zetu, lilikuwa la maana. Ila manung'uniko ninayo na nitayasema yote.

Kwanza hii sio ile bendi ya kukodi inayopanda Kirikuu mbele ya gari la maharusi na kupiga wimbo mmoja kuanzia kanisani mpaka ukumbini. Hawa ni watu wa mtaani, kuna fundi cherehani, mwalimu, vijana wawili wa bodaboda, na dada mmoja muuguzi anayepuliza tromboni kuwazidi wanaume wote pale. Wanafanya mazoezi jioni wakitoka kazini na hela ya onyesho haiingii mfukoni mwao hata mia. Safari hii walikuwa wanachangia magodoro ya bweni la wasichana la shule moja nje ya mji.

Na hapo kwenye magodoro ndo waliniweza. Kapu likizunguka, mhazini anahesabu palepale mbele za watu, hela ya godoro moja ikitimia vijana wanalibeba wanalilaza jukwaani pembeni ya ngoma kubwa, kapu linaanza tena. Rundo likawa linapanda na watu tunahesabu kwa sauti, kumi na moja! kumi na mbili! Mama yangu mdogo alikuja akisema anakaa nusu saa tu, akaishia kutoa mpaka nauli ya bajaji, tukarudi Makole kwa mguu. Nimechangia mambo mengi hapa mjini nikaambiwa asante na Mungu awabariki, basi, sijawahi kuona hela yangu inageuka godoro ndani ya dakika kumi.

Muziki sasa. Zile tenzi za mwanzo walizipiga kwa adabu mno, nilipiga miayo. Mambo yalibadilika walipopanda kina mama watatu na ngoma za muheme, ile ya kina mama wa Kigogo. Mimi nimepuliza tromboni kwaya miaka minne kwa hiyo mniruhusu hapa: tarumbeta usipobonyeza valvu (vile vitufe vya vidole) hata moja linatoa sauti kwa ngazi yake ya asili, yaani zile noti bomba linazotoa lenyewe kwa midomo tu, na uimbaji wa Wagogo nao umejengwa kwenye ngazi hiyohiyo, kwa hiyo yule kijana alipoachia valvu zote tatu akaanza kujibizana na sauti za wale mama, havikugongana hata kidogo, vinywele vilinisimama. Mzee aliyekaa pembeni yangu akasema hii sasa ndo beni, ile ngoma ya kuiga bendi za jeshi, neno la zamani hilo, la enzi zile askari wa vita ya kwanza ya dunia walivyoisambaza kutoka pwani mpaka huku bara. Halafu wakapiga hivyo dakika saba tu. Saba!

Manung'uniko. Tangazo lilisema saa kumi, wameanza saa kumi na moja na nusu, na upepo wa Dodoma mnaujua, vumbi machoni, karatasi za nota zinaruka mpaka wakazibana na vibanio vya nguo. Halafu emsii. Bendi ya wapulizaji kumi na wanne haihitaji spika, yeye kaenda kuweka maiki mbele ya tuba, lile tarumbeta kubwa la besi, ikawa inaunguruma kama lori linapanda mlima na gia imegoma. Na anaongea katikati ya wimbo!

Wametangaza ziara pia, Manyoni, Singida, Iringa kupitia Mtera, halafu Dar kwa treni ya SGR, yote wiki mbili. Jamani. Singida tu ni kama kilomita 240, na mpuliza tarumbeta chombo chake ni mdomo, ukipuliza masaa mawili leo kesho midomo imevimba na sauti za juu hazitoki ng'o. Na mafuta ya basi yatatoka wapi kama kapu lote ni la magodoro? Bora waanze na Manyoni na Kondoa, wanaenda Jumamosi wanarudi Jumapili, Jumatatu watu wana kazi. Dar sawa, tangu 2024 treni ya abiria ya SGR inafika hapa, ila waulize mapema kuhusu kupakia ile tuba na ngoma kubwa wasije wakaziacha stesheni.

Chipsi za pale zilikuwa baridi, kuleni nyumbani kabisa.

Tulifika godoro la 22, la 23 likapungukiwa elfu sita na watu wameshaanza kuondoka, na aliyetoa hiyo elfu sita, nimpe haki yake, ni yule emsii.