Shine a Light ya Rolling Stones: weka sawa spika kwanza, kisha utazame mikono

Anayetaka historia ya bendi ya roki ya Rolling Stones atafute kwingine. Shine a Light, filamu ya Martin Scorsese iliyotoka mwaka 2008, ina dakika 122 na sehemu kubwa ni muziki wa jukwaani. Mahojiano ya zamani yamechomekwa katikati ya nyimbo, mafupi mno, na hayo ndiyo naona yamepwaya. Moja tu lina uzito: mwimbaji wao Mick Jagger akiwa bado kijana anaulizwa kama anajiona akifanya kazi hii akifika miaka 60, naye anajibu papo hapo kwamba ndiyo, bila shida. Kwenye tamasha lenyewe ana 63, na anakimbia jukwaa zima.

Ilirekodiwa Beacon Theatre, New York, tarehe 29 Oktoba na 1 Novemba 2006, wakati wa ziara ya A Bigger Bang. Ukumbi huo una viti takribani 2,800, mdogo sana kwa bendi iliyozoea viwanja vya mpira, na uamuzi huo ndio ulioiokoa filamu. Kamera ziko hatua chache tu kutoka kwa wanamuziki. Mkuu wa picha ni Robert Richardson, na miongoni mwa walioshika kamera wamo John Toll, Emmanuel Lubezki, Robert Elswit na Ellen Kuras, watu ambao kila mmoja kwa kawaida ndiye mkuu wa picha kwenye filamu yake. Wanajua kumsubiri mpigaji. Kamera inatulia kwenye mkono kabla noti haijapigwa.

Mtazame mpiga dramu, Charlie Watts. Fimbo ya kushoto ameilaza kiganjani kwa mtindo wa wapigaji wa jazi. Sasa fuata mkono wa kulia, ule unaopiga haihati, yale matoazi mawili ya kukanyaga kwa mguu. Kwenye pigo la pili na la nne, sinea (ile dramu ndogo yenye mlio mkali) inapolia, mkono wa kulia unainuka na kuliacha toazi. Wapigaji wengi hupiga vyote viwili pamoja. Charlie anaiacha sinea ilie peke yake, na kile kinafasi kidogo ndicho kinachofanya nyimbo zao zipumue. Kwa kusikiliza santuri tu ni vigumu kugundua jambo hili. Hapa unaliona waziwazi. Mwishoni mwa All Down the Line anageukia kamera na kupuliza pumzi ndefu. Alikuwa na miaka 65, na alifariki Agosti 2021. Kwangu mimi hizo sekunde chache zinalipa bei yote ya diski.

Jambo la pili ni gitaa la Keith Richards. Kwenye Start Me Up, Honky Tonk Women na Brown Sugar hesabu nyuzi: utaziona tano. Ukitaka kufuatisha, toa uzi mnene wa sita, shusha wa tano kutoka A hadi G, wa nne, wa tatu na wa pili viache vilivyo, kisha shusha wa kwanza kutoka E hadi D. Unapata G, D, G, B, D, yaani kodi nzima ya G, noti zake zote zikilia pamoja, bila kubonyeza chochote. Kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote. Cha kati kinaongeza uzi wa pili freti moja (vile vyuma vya shingo ya gitaa) mbele, cha pete kinaongeza uzi wa nne freti mbili mbele. Kuweka na kuondoa hivyo vidole viwili ndiko kunakotoa ile sauti ya Keith. Tumbling Dice inataka kapo, kibano cha kubana nyuzi zote, kwenye freti ya 4. Wanaojifunza Brown Sugar kwa tyuni ya kawaida hukwama hapo: vidole havifiki kwa wakati, na uzi wa sita unaleta muungurumo unaoziba besi ya Darryl Jones.

Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi atatafuta nani anapiga solo na nani rithimu. Hapa asihangaike. Keith na mpiga gitaa mwenzake Ronnie Wood wanabadilishana katikati ya ubeti, mmoja akiacha nafasi mwingine anaingia. Na tofauti na bendi nyingi, ngoma inalifuata gitaa: Keith anaanza, Charlie anaingia nyuma yake kidogo sana, besi inawaunganisha.

Ndiyo maana sauti ni lazima iandaliwe. Aliyechanganya muziki ni Bob Clearmountain, na sikiliza vizuri: kamera inapomkaribia mpigaji, chombo chake kinapanda kidogo. Spika za ndani ya televisheni zinaua kazi hiyo yote, hasa besi na dramu la mguu. Kama una spika za chaneli 5.1, yaani tano za kawaida na moja ya besi, chagua 5.1 kwenye menyu ya diski. Kama una mbili tu, chagua stereo kwenye kifaa chenyewe, usiiache saundiba, ile spika ndefu ya chini ya televisheni, ikisie. Zima hali ya usiku, kwa sababu inabana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa. Zima pia ile ya kukuza mazungumzo. Inamvuta Jagger mbele na magitaa yanabaki kama yako chumba cha pili. Upande wa picha, zima ulainishaji wa mwendo. Filamu ina fremu 24 kwa sekunde, na televisheni ikijitungia fremu za katikati, mikono ya Jagger inaacha mkia kila anapoirusha.

Kwa wanamuziki walioalikwa, Buddy Guy, mpiga gitaa wa bluzi, amewazidi wote. Kwenye Champagne & Reefer anashika noti moja mpaka wenyeji wanabaki kumtazama, na wimbo unapokwisha Keith anavua gitaa na kumkabidhi liwe lake. Jack White kwenye Loving Cup ni mnyenyekevu na anapendeza. Christina Aguilera ana sauti kubwa, lakini Live With Me imegeuka mashindano ya kupaza. Angepewa nafasi hiyo Lisa Fischer, mwitikiaji wao wa miaka mingi, wimbo ungetulia.

Dakika za mwanzo, Scorsese akihangaika kusubiri orodha ya nyimbo, zimetiwa chumvi na ni ndefu. Ruka hadi Jumpin' Jack Flash ukiitazama mara ya pili. Uhariri wa Shattered nao una haraka: picha inakatwa kabla mkono haujamaliza kazi.

Kabla ya kulipa, angalia unanunua toleo gani. Diski ina nyimbo nne zisizomo kwenye filamu: Undercover of the Night, Paint It Black, Little T&A na I'm Free. Toleo la kukodisha mtandaoni huenda lisiwe nazo, na Paint It Black peke yake inatosha kukufanya uchague diski.