Jumanne Kumi na Kitabu cha Matendo: Tathmini ya Kozi ya Jioni Mjini Dodoma

Tangu wiki ya kwanza ya Februari hadi wiki ya pili ya Aprili nilihudhuria kozi ya jioni inayohusu kukua kwa kanisa la kwanza kama kunavyosimuliwa katika Matendo ya Mitume, iliyoendeshwa kila Jumanne katika ukumbi wa kanisa moja upande wa Area D hapa Dodoma. Ada ilikuwa shilingi 40,000 kwa vipindi kumi, pamoja na kitini cha kurasa sitini na chai. Jina la kanisa sitalitaja, kwa kuwa yapo mambo mawili matatu nitakayoyalalamikia na wahusika nimekwisha kuwaeleza ana kwa ana.

Nilijiandikisha kwa mashaka. Semina za kukua kwa kanisa hazina uhaba katika mji huu, na nyingi nilizowahi kuhudhuria zilikuwa na mtindo mmoja: mnenaji husoma mstari, hufunga Biblia, kisha husimulia mambo yake mwenyewe kwa saa mbili. Hapa mambo yalikuwa kinyume. Mwalimu, mchungaji mstaafu ambaye sote tulimwita Mzee, aliagiza kila mmoja aje na Biblia yake na penseli, na kila sura ilisomwa kwa sauti mara mbili, na wasomaji wawili tofauti, kabla yeye hajasema lolote. Kitini chenyewe hakikuwa na majibu, ila maswali na nafasi tupu za kuandikia. Wiki ya kwanza nililiona jambo hilo kuwa uvivu wa mwandishi wa kitini, lakini jioni ya pili ilinibadilisha mawazo.

Jioni hiyo tulipewa kazi ya kufuatilia hesabu. Katika sura ya 1 waliokusanyika walikuwa wapata 120, siku ya Pentekoste wakaongezeka wapata 3,000, na katika sura ya 4 inatajwa 5,000. Kijana mmoja mhasibu, ambaye kila Jumanne alikuja moja kwa moja kutoka kazini Mtumba na kitambulisho chake kikiwa bado shingoni, alijumlisha upesi na kutangaza kwamba kanisa la Yerusalemu lilikuwa limefikia watu 8,120. Mzee akamwambia, "Rudia kukisoma kitenzi, mwanangu." Kijana akarudia. Katika sura ya 2 Biblia ya Muungano inasema watu "wakaongezeka" wapata elfu tatu, lakini katika sura ya 4 inasema hesabu ya watu waume "ikawa" kama elfu tano. Kuongezeka ni kuongezeka, na kuwa ni kuwa. Elfu tano ile ndiyo jumla iliyofikiwa, tena ni ya wanaume pekee, kwa hiyo jumla ya kijana wetu ilikuwa imezidi upande mmoja na kupungua upande mwingine. Alicheka, akaifuta ile 8,120 kwa raba, na ukumbi mzima ukapekua kurasa kutafuta wanawake wanatajwa wapi, hadi tulipowakuta katika sura ya 5, ambako Luka, ambaye kwa mapokeo ya kanisa ndiye mwandishi wa kitabu hicho, anasema wazi kwamba walioamini walikuwa wanaume na wanawake.

Baada ya hapo Mzee alitutaka tutazame kwamba Luka hutaja tarakimu mwanzoni, halafu taratibu anaziacha. Tulipofika sura ya 6 mstari wa 7, tukaulizwa kiima cha sentensi ni nini, nasi tukajikuta katika somo la sarufi kama wanafunzi wa darasa la sita. Neno la Mungu ndilo lililoenea. Katika sura ya 12 neno likazidi na kuenea, na katika sura ya 19 neno lilizidi na kushinda kwa nguvu. Mitume wanafungwa, wanapigwa, wengine wanauawa, bali kinachokua katika sentensi hizo tatu si idara, si jengo, wala si jina la mtu. Nimeisoma Matendo mara nyingi tangu Kipaimara, na sikuwahi kuliona hilo. Kama kozi ingekoma Jumanne ile, bado ningesema elfu arobaini yangu haikupotea.

Kipindi cha sura ya 6 na ya 7 kilikutana na mvua kubwa, na bati la ukumbi ule halina dari. Kwa karibu nusu saa hatukusikilizana hata kidogo, tena tulikuwa ndani ya hotuba ya Stefano, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika kitabu hicho. Waandaaji wanajua Februari na Machi ni miezi ya mvua huku kwetu, na wangeweza kuweka kipaza sauti. Hata hivyo mvua ilituachia muda wa kuzungumza wawili wawili juu ya manung'uniko ya sura ya 6, kwamba wajane wa Wayahudi wa Kiyunani, yaani waliosema Kigiriki, walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Niliketi na mama mmoja ambaye ndiye mtunza mfuko wa wajane katika usharika wao. Aliyapigia mstari majina saba ya waliochaguliwa, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, kisha akaniuliza sikioni, "Baba, haya si majina ya Kiyunani yote?" Ni ya Kiyunani yote. Waliolalamika ndio waliokabidhiwa meza. Mama akasema kwamba kwao mambo yangepelekwa kwenye kamati, na kamati ingeundwa na walewale waliosahau. Mvua ilipokatika alilieleza hilo mbele ya watu wote bila kumung'unya maneno, na Mzee akaliacha likae bila kuongeza kitu, jambo ambalo wanenaji wengi wangeshindwa.

Sehemu bora kabisa ya kozi, kwa maoni yangu, ilikuwa vipindi vya nne na tano, vilivyohusu kutawanyika. Katika sura ya 1 wanafunzi wanaambiwa watakuwa mashahidi Yerusalemu, Uyahudi wote, Samaria na hata mwisho wa nchi, lakini kwa sura saba wamekaa Yerusalemu tu. Kinachowaondoa ni adha iliyoanza baada ya kuuawa kwa Stefano, na sura ya 8 inasema waliotawanyika ni wote isipokuwa mitume. Kwa hiyo wa kwanza kulichukua neno nje ya mji hawakuwa viongozi wakuu. Filipo, aliyechaguliwa kuhudumu mezani, yuko Samaria, kisha yuko kwenye barabara ya Gaza ndani ya gari la towashi Mkushi. Na wale waliofika Antiokia na kuanza kusema na Wayunani, jambo lililoligeuza kanisa kuwa la mataifa, Luka hawataji hata kwa jina. Anasema tu ni watu wa Kipro na Kirene. Barnaba anatumwa baadaye kuja kutazama kilichokwisha kutokea, naye anakwenda Tarso kumtafuta Sauli, ambaye ndiye Paulo, na wanafundisha mwaka mzima katika mji huo ambamo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza.

Hapa naomba msomaji aniruhusu nichepuke kidogo. Wamisionari wa CMS, chama cha Kianglikana cha Uingereza, walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, hayo yanaandikwa na kukumbukwa. Babu yangu alikuwa mwalimu wa kanisa, akitembea kwa miguu kijiji hadi kijiji na kufundisha chini ya mbuyu, na hakuna kitabu kilicholiandika jina lake. Nilipokuwa nikisoma habari za watu wa Kipro na Kirene nilimwona yeye.

Kitini, kwa upande wake, kilituangusha palepale Antiokia. Zipo Antiokia mbili katika Matendo, ile ya Shamu (Siria), ya sura ya 11, na ile ya Pisidia, ya sura ya 13, ambayo iko mbali ndani ya nchi tunayoiita leo Uturuki. Ramani ya ukurasa wa 31 ilikuwa na moja tu, tena mistari ya safari ilipita juu yake kwa namna ambayo Paulo alionekana kutoka Antiokia na kufika Antiokia bila kwenda popote. Ramani yenyewe ilikuwa nakala ya nakala, nyeusi kama kaniki, na majina ya miji midogo hayakusomeka kabisa. Nililazimika kwenda steshenari kuchapisha nyingine. Nilipomwonyesha Mzee kosa lile alilikubali mara moja, na Jumanne iliyofuata tulikuta amekwisha kulisahihisha kwa kalamu nyekundu katika vitini vyote vilivyobaki mezani.

Safari za Paulo hazikutendewa haki. Sura za 13 hadi 20 zilipewa jioni mbili, na mkutano wa Yerusalemu wa sura ya 15, ambao ndio mhimili wa kitabu, ulipata dakika zisizozidi ishirini. Nilitarajia tukae Korintho, mahali ambapo historia ya nje inakutana na maandiko: Galio, liwali wa Akaya anayetajwa katika sura ya 18, jina lake limekutwa pia katika maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe huko Delphi, Ugiriki, na kwa msaada wa jiwe hilo wataalamu huweka kipindi chake kwenye mwaka 51 au 52. Mzee alilitaja kwa sentensi moja, akatazama saa. Nyaraka za Paulo, ambazo zingetuonyesha makanisa hayo yakiwa na ugomvi wao na njaa yao, hazikufunguliwa hata mara moja. Darasa la Tirano pale Efeso, ambamo Paulo alihojiana na watu kila siku kwa miaka miwili, lilitajwa kwa utani tu, kwamba sisi tulikuwa na Jumanne kumi.

Kipindi cha mwisho ndicho kilichonikera. Mzee alikuwa na udhuru, na nafasi yake ilishikwa na mgeni ambaye hakuwa amehudhuria hata siku moja. Badala ya kusoma sura ya 28, ambamo Paulo yuko Rumi katika nyumba aliyoipanga, chini ya ulinzi, akiwapokea wote wanaomjia, aligawa karatasi zenye mistari kumi na kumtaka kila mmoja aandike majina ya watu kumi atakaowaleta kanisani kabla ya Pentekoste. Baada ya wiki tisa za kujifunza kwamba Luka aliacha kuhesabu, tulirudishwa kwenye hesabu. Mhasibu wetu aliniangalia, akachukua penseli, na kwenye mstari wa kwanza akaandika "8,120", halafu akaikunja karatasi na kuiweka mfukoni.

Kwa anayefikiria kujiandikisha: vipindi huanza saa 11:30 jioni kwenye tangazo, na saa 12:00 kwa kweli, na kumalizika saa 2:00 usiku, wakati ambapo daladala zimepungua na bajaji zimepandisha bei, kwa hiyo ni vyema kupanga usafiri na jirani. Chai ni nzuri na karanga zipo. Anayetumia Biblia ya Habari Njema asiogope kuja nayo, kwani tofauti kati yake na ya Muungano zilituletea baadhi ya mazungumzo mazuri zaidi, hasa pale kwenye sura ya 8 mstari wa 37, ambao katika Muungano umewekwa ndani ya mabano na ukazua swali lililokula robo saa.

Kozi inayofuata itakuwa ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, na itaanza Juni, mvua zikiwa zimekwisha. Nimekwisha kulipa nusu ya ada kwa sharti moja nililolieleza kwa waandaaji, kwamba Mzee afundishe vipindi vyote kumi, na ramani ichapishwe upya.