TAHADHARI: Muuzaji wa shiti za DTF mtandaoni anatuma sampuli nzuri, mzigo unakuja mbovu

Wadau wa fulana, hasa ninyi mlioko mikoani mnaoagiza shiti za DTF (picha zilizochapwa kwenye filamu na kuwekwa gundi, unazihamishia kwenye fulana kwa joto) kutoka Dar kwa basi: kuna muuzaji anazunguka Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp, anauza kwa mita, bei yake haifiki hata nusu ya bei ya Kariakoo. Msimlipe. Anakutumia sampuli safi kabisa, ukishamwamini na kulipia mzigo mkubwa, anakuletea kitu kingine. Siku ya kuipiga kwenye fulana, picha inakaa vizuri. Ukifua mara moja, inabanduka.

Jina la ukurasa siliandiki. Limeshabadilishwa tangu nifanye naye kazi, na namba ya simu vilevile, kwa hiyo mtu akilitafuta atakosa na kudhani yuko salama. Njia zake ndizo hazibadiliki.

Mimi nipo Dodoma, nina hiti presi (mashine ya kubana picha kwenye fulana kwa joto), printa ya DTF sina. Kazi ilikuwa fulana nyeusi za pamba za kikundi cha kina mama wa vicoba, nembo kifuani, jina la kila mmoja mgongoni. Niliomba sampuli, ikaja, nikaipiga, nikaifua, ikakaa imara. Ndipo nikalipia mzigo wote. Ulipofika rangi zilikuwa zilezile, nikapiga, kina mama wakavaa kwenye sherehe yao wakapendeza. Wiki ileile simu zikaanza. Herufi za majina zinabaki kwenye beseni, nembo imeachia pembeni. Wale kina mama wamechangishana kidogo kidogo mpaka fulana zikapatikana, na muuzaji wa Dar hawamjui. Wananijua mimi. Nimezichapa upya kwingine kwa gharama yangu, lakini nina hakika kuna fundi mwingine ambaye mtaji wake hauwezi kubeba hasara kama hiyo, ndiyo maana naandika.

Nilipompigia majibu yalikuwa tayari mdomoni. Kwanza presi yangu haina presha. Halafu fulana zina polista. Mwisho akasema maji ya Dodoma yana chumvi. Mtu mgeni kwenye kazi anaweza kukubali, kwa sababu presi mbovu kweli inaharibu kazi, na polista kweli inasumbua. Kwa hiyo nilifanya jaribio ambalo nawaomba kila mmoja wenu alifanye kabla ya kubishana na muuzaji yeyote: nilichukua fulana moja, upande wa kushoto nikapiga kipande cha mzigo wake, upande wa kulia kipande cha shiti ya fundi mwingine ninayemwamini. Presi moja, nyuzi 160, sekunde 15, kila kimoja nikakirudia kwa karatasi ya kuokea juu. Nikaiacha fulana ipumzike zaidi ya saa 24 kama inavyotakiwa, nikaifua kwa maji yaleyale ya bombani. Cha kulia kilibaki kama kilivyokuwa. Cha kushoto kiliachia. Nilimtumia video, akanibloku.

Jambo lingine ambalo wengi hawaliangalii: sampuli yake ilikuwa filamu ya kubandua ikiwa bado ya moto. Mzigo ulikuwa wa kubandua ikishapoa, ukiivuta ya moto wino unakuja na filamu. Hizo ni filamu mbili tofauti. Mtu anayechapa mwenyewe kwa rola moja hawezi kukutumia filamu moja kwenye sampuli na nyingine kwenye mzigo bila kukwambia, maana hata namna ya kupiga inabadilika. Mzigo ukija na filamu tofauti na sampuli, simamisha kazi hapohapo, umuulize.

Sasa anapata faida wapi kwa bei ile? DTF ina vitu vitatu vinavyokula pesa na muda. Kuna wino mweupe, unaochapwa juu ya rangi ili picha ionekane kwenye kitambaa cheusi. Kuna unga wa gundi unaomwagwa juu ya wino ukiwa mbichi. Na kuna kuupika huo unga kwenye oveni au chini ya presi iliyoinuliwa, kama nyuzi 120 hivi, mpaka uyeyuke wote na kushikana na wino. Mwizi anapunguza kote. Weupe anauchapa mwembamba, ukipiga kwenye nyeusi rangi zinaonekana hafifu. Unga anaupitisha kwenye joto haraka haraka ili atoe mita nyingi kwa siku. Gundi isiyoiva inashika juujuu tu, haiingii kwenye nyuzi za kitambaa, na wino ambao maji na mafuta yake hayajakauka unabaki na unyevu chini yake. Ndiyo maana picha inadanganya siku ya kwanza.

Shiti ukiishika mkononi inajieleza. Geuza upande wa gundi, pitisha kidole. Ikiwa imeiva, utahisi vipele vidogo vigumu, sawasawa kote, na kidole kinatoka kikavu. Ikiwa mbichi, kidole kinatoka na vumbi jeupe kama sukari ya unga. Ikiwa na mafuta mafuta, hasa shiti iliyokaa kwenye joto na unyevu wa Dar, basi wino wake haukukaushwa vizuri. Angalia pia sehemu zisizo na picha: zikiwa na chembe za gundi zilizotapakaa, zitabaki kwenye fulana kama madoa. Inue shiti kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya sana kwenye rangi nzito, weupe ni mwembamba. Baada ya kupiga, vuta kitambaa kwa mikono miwili. DTF nzuri inanyooka na kurudi. Ikipasuka mistari mistari, usimkabidhi mteja.

Kuna mwenzetu wa Singida hakupata hata hiyo DTF mbovu. Alipokea karatasi za kuhamishia picha za printa ya kawaida ya wino, zile nene za fulana nyeusi, zimekatwa kufuata nembo. Ukiona maandishi madogo yana ukingo mweupe unaozunguka herufi, au picha nzima imekaa juu ya kipande kimoja cha ngozi nene, hiyo si DTF hata kama imeandikwa hivyo kwenye risiti.

Video zake mziangalie kwa makini. Hazina sauti ya kazini, wameweka muziki, na mikono haisemi chochote. Mimi nilitazama ukuta: soketi za umeme zilizoonekana nyuma ya mashine si zetu za matundu matatu ya mstatili. Video hizo ni za viwanda vya nje. Omba akupigie video ya moja kwa moja, mashine ikiwa inachapa jina lako na tarehe ya leo. Mwenye mashine hilo halimshindi. Huyu alisema umeme umekatika, kisha akasema fundi amesafiri.

Kwenye malipo, alitaka pesa iende kwenye namba binafsi yenye jina la mtu ambalo halihusiani na jina la biashara. Mwenye duka halali mara nyingi ana Lipa Namba, na jina la biashara unaliona kabla hujathibitisha malipo. Jina la biashara unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Mdai risiti ya EFD yenye TIN. Ukimwona anaanza kusema "risiti itakuja na mzigo", acha. Na msilipe salio kwa kuona picha ya risiti ya basi. Mpigie wakala wa basi lenyewe, umtajie namba ya mzigo.

Kuna jambo la hatari zaidi ambalo ameanza sasa. Anauza "mashine ya DTF mpya pamoja na mafunzo". Picha alizonionyesha jamaa mmoja ni Epson L1800 iliyobadilishwa. Epson hawakuitengeneza mashine ile kwa wino mweupe, mafundi wa mitaani ndio wanaoibadili, na wapo wanaoibadili vizuri sana. Lakini wino mweupe una titani dayoksaidi, ni nzito, inatuama. Usipozungushwa na kutikiswa kila siku unaganda kwenye hedi (kichwa cha printa kinachotoa wino), na hedi ikiziba umenunua chuma. Anayekuuzia akupe jaribio la nozeli (vitundu vya hedi vinavyotoa wino) lililochapwa mbele yako, rangi zote na mweupe kwenye filamu, mistari yote iwe kamili. Kama hawezi, usitoe hata kianzio. Mikopo ya vikundi isiishie kwa mtu huyu.

Aliyekwisha tapeliwa asikae kimya. Pigia mtandao wako wa simu mara moja uombe muamala urudishwe, maana pesa ikishatolewa inakuwa ngumu. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vipelekwe kwa SMS kwenda 15040. Nenda kituo cha polisi uchukue RB, uwe na meseji, muamala, risiti ya basi na kipande cha shiti ambacho hujakipiga. Kipande hicho msikitupe. Tukiwa wengi wenye vipande vya mzigo uleule kesi inakuwa na uzito, mimi cha kwangu ninacho.

Na kama mzigo wake unao nyumbani bado hujaupiga, usiupige kwenye fulana za mteja. Kama ni DTF kweli na tatizo ni unga mbichi, inaweza kuokolewa. Weka presi nyuzi 130, laza shiti gundi ikiangalia juu, shusha presi bila kugusa, acha kama dakika mbili au tatu mpaka unga wote ung'ae na kuyeyuka. Iache ipoe, kisha piga kipande kimoja kwenye fulana yako kuukuu, subiri siku nzima, ufue. Fulana zilizokwisha kupigwa na kuanza kuachia pembeni tu, zirudie kwenye presi kwa karatasi ya kuokea, presha nzito, sekunde 15. Baadhi ya zangu zilishika tena. Zile zilizopasuka katikati hazikushika.