Riwaya za Willy Gamba za mtumba Mtwara: nunua, ila kagua mgongo

Anayetaka kuanza kumsoma Elvis Musiba, mwandishi wa riwaya za mpelelezi Willy Gamba, aanze na Kufa na Kupona ya 1974. Kikosi cha Kisasi (1979), Njama (1981) na Hofu (1988) zitamsubiri. Musiba hakuwa mtu wa kalamu tu. Alikuwa mfanyabiashara, akafikia kuwa rais wa TCCIA, chemba ya biashara, viwanda na kilimo ya Tanzania, na akafariki 2010. Ujasusi wake umejaa safari, hoteli na miji mikubwa, na mwendo wake ni wa kasi. Udhaifu upo: Willy Gamba hashindwi, na wanawake wengi wamewekwa kama mitego au mapambo. Lakini kiini cha kisa ni harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, na kwetu huku hilo si la mbali. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walifanya mazoezi Nachingwea, mkoani Lindi, na Msumbiji iko ng'ambo ya Ruvuma. Msomaji wa Lindi au Mtwara ana sababu ya kuzisoma riwaya hizi kwa moyo wote.

Tatizo ni nakala zenyewe. Nyingi za zamani zimebandikwa gundi mgongoni, na gundi ikizeeka hukauka na kukatika, kurasa zikachomoka. Zilizobanwa kwa pini huliwa na kutu, maana hewa ya bahari ina chumvi. Kabla ya kulipa, fungua katikati taratibu. Mgongo ukilia, gundi imekufa. Kisha hesabu namba za kurasa, hasa kumi za mwisho. Hizo ndizo hutoka mapema kitabu kikipita mikono mingi, na riwaya ya upelelezi isiyo na mwisho haina thamani kabisa.

Kurasa zikiwa zote zipo lakini zimelegea, zilinganishe sawasawa, paka mgongoni safu nyembamba ya gundi nyeupe ya mbao, kisha weka kitabu chini ya tofali hadi kesho yake. Usitumie selotepu: hugeuka njano na ulimbo wake hutoa madoa. Ukungu wa masika upanguse kwa brashi kavu nje ya nyumba, kisha anika kitabu kivulini; jua kali hufanya karatasi ivunjike. Nyumbani kisimame wima, mbali na ukuta wa nje unaonyonya maji ya mvua.

Bei ipatane na ukamilifu. Nakala isiyo na jalada lakini kurasa zimetimia, ichukue. Yenye jalada linalong'aa na kurasa pungufu, iache mezani hata ikishushwa bei.