Kumwongeza mke kwenye maombi ya Canada yaliyokwisha kupokelewa: uzoefu wangu

Tulifunga ndoa wakati maombi yangu ya ukaazi wa kudumu wa Canada, kwa njia ya Express Entry, mfumo wao wa kuchagua wafanyakazi wenye ujuzi kwa alama, yameshapokelewa na yanasubiri uamuzi. Nilikwenda kwa ajenti mmoja hapa mjini kuomba ushauri. Akaniambia, "Kaka, nyamaza kimya. Ukishatua utamvuta." Na kwa maneno hayo alitaka nimlipe!

Ndugu zangu, nawasihi msimsikilize mtu wa namna hiyo. Kanuni za uhamiaji za Canada, kifungu 117(9)(d), zinasema mwanafamilia ambaye hukumtaja na hakukaguliwa kabla hujapata ukaazi, huwezi kumdhamini baadaye kwa njia ya familia. Unafuu wa majaribio wa kanuni hiyo, ulioanza 2019, uliwekwa kwa ajili ya wakimbizi na watu waliodhaminiwa na familia zao. Watu wa Express Entry hawakuwekwa humo. Ina maana kunyamaza kungenitenganisha na mke wangu. Hata kama mwenzako hasafiri nawe sasa hivi, atajwe na apimwe afya.

Niliandika mwenyewe kupitia fomu ya mtandaoni ya IRCC, idara yao ya uhamiaji, nikaambatisha cheti cha ndoa na fomu ya familia, IMM 5406. Baadaye wakanitumia orodha ya vitu vya mke: ada yake, vipimo vya afya, hati ya polisi ya kuonyesha hana rekodi ya uhalifu, alama za vidole.

Cheti chetu cha ndoa cha BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, kiko kwa Kiswahili, nao IRCC wanataka Kiingereza au Kifaransa. Nilikipeleka BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, kutafsiriwa, na hapo nasifu kwa moyo wote. Dada aliyenihudumia alitaka aone pasipoti zetu kwanza ili majina yasipishane hata herufi moja. Mwenye jina lililoandikwa Mwanaidi huku na Mwanahidi kule anajua uzito wa jambo hilo.

Alama za vidole vya mke tulimalizia VFS, kampuni inayopokea maombi ya viza kwa niaba ya Canada, dola 85 za Canada, foleni ikaenda vizuri. Daktari wa vipimo lazima awe kwenye orodha ya IRCC. Kipimo cha hospitali yako ya mtaani hakipokelewi.

Kilichotuchelewesha ni hati ya polisi. Ya Tanzania haikutusumbua. Lakini mke wangu alisoma Kampala, na wanadai hati ya kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi ndani ya miaka 10 iliyopita, tangu ufikishe miaka 18. Ya Uganda hutolewa na ofisi ya Interpol kulekule. Bila shemeji yangu aliyeko Kampala kufuatilia, sijui tungefanyaje. Muda wa kujibu ulipokaribia kwisha, nilituma risiti ya maombi ya hati pamoja na barua ya kueleza, wakatuongezea muda.

Watu wengi huogopa alama zao za Express Entry kushuka wakimwongeza mwenza. Alama hutazamwa siku ya mwaliko wa kuomba ukaazi na siku maombi yanapopokelewa, na sisi tulioana baada ya hapo. Fedha za kujikimu ndizo za kuangalia: kiwango kinahesabiwa kwa watu wawili hata kama mmoja anabaki Dar, kwa hiyo akaunti ya benki iwe imejiandaa.

Huduma ya IRCC naipa nyota 4 kati ya 5. Majibu yao ni ya taratibu sana, ila kila walichoomba walikieleza wazi, na jina la mke wangu limeingizwa kwenye faili. BAKITA nawapa zote 5.