Rivyuu ya JEE, ukaguzi wa WHO wa maandalizi ya milipuko: nyota 3 kati ya 5

Kwa wasioijua, JEE ni ile tathmini ya kuangalia kama nchi imejipanga magonjwa ya mlipuko yakizuka. Ni hiari, serikali inaomba yenyewe, inajipa maksi kwanza afu wataalamu wa nje wanakuja kama wiki hivi, wanakaa na wenyeji wanabishana mpaka wakubaliane, 1 mpaka 5, nyekundu ni maksi ya chini, njano ya kati, kijani ya juu. Tanzania bara tulipimwa Februari 2016, tukiwa kati ya nchi za mwanzo kabisa, hapo hongera zetu.

Nilichopenda, ripoti iko wazi mtandaoni bure na haiongei kwa kuremba. Maabara, chanjo, mipakani, mpaka magonjwa ya wanyama yanayohamia kwa watu kama kimeta na kichaa cha mbwa, kila kitu na maksi yake, pakipwaya unapaona.

Sasa shida iko hapa, wanapima uwezo wa kujua, utayari wa kusema hawaupimi. Eneo la kutoa taarifa WHO lipo kweli ila linauliza kama ofisi ipo na mfumo upo, haliulizi wakubwa wakishajua watafungua mdomo au vipi. Ndo maana 2020 tulikuwa na ripoti yetu kabatini na takwimu za korona zikagota wagonjwa 509, kimya zaidi ya mwaka mzima. Chukua na Kagera. Marburg, ile homa ya virusi inayofanana na Ebola, ya Machi 2023 ilitangazwa, ikadhibitiwa, tarehe 2 Juni ikaisha na vifo 6, safi sana. Januari 2025 mkoa uleule, WHO inasema tarehe 14 kuna wagonjwa wanashukiwa, wizara inajibu sampuli ni hasi, tarehe 20 Rais Samia, akiwa Dodoma na mkuu wa WHO Tedros, anathibitisha kwamba Marburg ipo. Hizo siku sita mtu wa Biharamulo alitakiwa amwamini nani jamani?

Na sio sisi tu, kuna kipimo kingine cha GHS Index, kinachopanga nchi kwa maandalizi hayohayo, Oktoba 2019 kiliipa Marekani namba moja duniani, 83.5 kwa 100, korona ikaja ikaua watu zaidi ya milioni kulekule.

Waandishi wa habari na wanafunzi wa afya ya jamii isomeni tu. Imeandikwa Kiingereza kigumu, pongezi za mwanzoni rukeni, nendeni moja kwa moja kwenye jedwali la maksi mtafute nyekundu, na mwangalie tarehe maana ya 2016 bado inasambazwa kama ya jana.