Wamenifungia betri kinyume, kisha wakataka kuongea na mume wangu

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya betri, si ya watu.

Hawa ni wale wanaokuletea betri popote ulipo hapa Dar na kukufungia hapohapo. Jina siliandiki, wenyewe watajijua. Gari ni IST, lilinigomea Tabata mwishoni mwa mwezi uliopita hivi, stata inalia tik-tik tu. Nikawapigia. Kijana akaja na pikipiki haraka kuliko nilivyotegemea, "shikamoo mama" ya heshima kabisa, nikajua leo nimepata mtu.

Waya za gari langu zote mbili ni nyeusi kwa grisi na vumbi, na kile kifuniko chekundu cha upande wa chanya kilishapotea miaka hiyo. Kwa hiyo rangi haikumsaidia, hilo nakubali. Lakini betri ina alama ya + na ya − pembeni ya kila kichwa, kubwa tu, hata bila miwani naziona. Hakuziangalia. Alichokariri ni kwamba waya huu ulikuwa kulia na ule kushoto, basi akazirudisha hivyohivyo. Kumbe betri aliyoleta vichwa vyake vimekaa kinyume na ile ya zamani! Betri za Kijapani ndivyo zilivyo: mbili zinalingana umbo kwa umbo, ila moja ina herufi L mwishoni mwa namba yake na nyingine haina, na hiyo herufi ndiyo inayotofautisha chanya iko upande gani. Kuniletea isiyo ya gari langu ni uzembe wa stoo. Kuifunga bila kutazama ni uzembe wa nani?

Na hapa ndipo damu inaponichemka. Kichwa cha chanya ni kinene kuliko cha hasi, kimetengenezwa hivyo makusudi ili mtu akikosea teminali, vile vibano vya mwisho wa waya, zimkatalie. Zikamkatalia kweli. Teminali ndogo ikagoma kuingia kwenye kichwa kinene. Akachomeka bisibisi, akaipanua, akaigonga na kitako cha spana mpaka ikazama. Nikamuuliza, "Fundi, mbona inakataa?" Akanijibu, "Mpya huwa zinabana, mama." Akashika ya pili. Kuigusisha tu, cheche, na ndani ya boneti kitu kikalia tap! Angeacha hapo ningemsamehe. Hakuacha. Ile teminali kubwa ilikuwa inachezacheza juu ya kichwa chembamba, akaokota kizibo cha soda chini, akakiponda kikawa bapa, akakijaza kwenye mwanya na kukaza nati ya kumi kwa nguvu zake zote.

Nikawasha. Dashibodi giza. Hata taa moja.

"Gari lako lina shoti ya zamani," akasema, na pesa ameshapokea.

Nikapiga simu ofisini. Yule kaka aliyepokea hakuniuliza hata gari ni aina gani. "Mama, betri zetu ni mpya, shida ni gari. Hapo kuna mwanaume niongee naye?" Nikamwambia gari ni langu, kadi ina jina langu, na mnunuzi ni mimi. Akasema, "Sawa mama, basi mpe simu baba." Nikabaki nimeshika simu, watu wa duka la dawa wananiangalia.

Fundi umeme wa mtaani ndiye aliyeniokoa. Hakugusa kitu kwanza, alisoma alama kwenye betri, akaguna, akaanza kufungua. Akanionyesha fyuzi kubwa iliyoandikwa ALT, imekatika. Akanieleza kwamba diodi za alteneta, ile inayochaji betri gari likiwaka, kwa kawaida huzuia umeme wa betri usirudi ndani, lakini ukigeuza waya zinaachia njia wazi na moto wote unapita hapo. Fyuzi iliwahi, alteneta ikapona. Akaweka fyuzi nyingine, akaigeuza betri ili waya zifike, akafunga chanya kwanza, hasi mwisho, gari likawaka. Redio ndiyo imejifunga, inadai kadi yake ya Kijapani ambayo mimi sijawahi kuiona tangu gari lishuke bandarini.

Sasa niwe mkweli. Betri yenyewe ni nzuri, inapiga stata mara moja hata alfajiri, na bei yao haikuwa mbaya. Kijana naye namuonea huruma, nadhani wamempa spana na pikipiki wakasahau kumpa mafunzo. Nilipofika sentensi hii nilitaka kupandisha nyota ziwe mbili, na kusema watumieni tu, mradi msimame juu ya boneti mkiangalia alama wenyewe.

Halafu nimekumbuka "mpe simu baba". Hapana. Hata ile moja naiondoa, ni vile tu hapa hawaruhusu sifuri.

Nimewatumia risiti ya fyuzi, ya fundi, na bei ya kufungua redio. Wamejibu eti niwapelekee gari ofisini walikague kwanza. Si mnajisifu mnakuja popote mteja alipo? Tabata mnapajua. Njooni, na mje na huyo kaka wa simu, mwenye gari atamfungulia geti mwenyewe.